Toleo la Majaribuni

Jina langu Fundi Lali,
Langoni ndiko mahali,
meza yangu si ya ghali,
taa yangu dirishani.

Kioo kiwe mgongo!
Nani katunga mpango
wa kuupamba uwongo
kwa kitu cha mkononi?

Ngazi zetu ni za mawe;
lazima simu yenyewe,
iangukapo na wewe,
nayo iinuke chini.

Betri tulizichomoa
kwa ukucha, si kung'oa;
leo gundi naondoa
kwa hewa ya moto ndani.

Chumvi ya hewa yapenya,
tundu la chaji yafinya;
mchoraji, alofanya,
kutu haimo kichwani.

Tundu la waya kuzibwa,
kifungo nacho kuibwa,
tukauziwa ubwabwa
kwa bei ya biriyani.

Lakini nikilaumu
wajenzi wa hizi simu,
nami nina yangu sumu
niliyomwaga dukani.

Jirani, muuza unga,
Bi Zuena, alipanga
deni zetu, akafunga
pamoja, mle simuni.

Kila jina na mkopo:
mafuta ya robo kopo,
sukari kidogo hapo,
hadi senti za sabuni.

Ilikuwa nzima, shwari.
Mimi nikawa hodari:
"Kuna toleo fahari,
bado li majaribuni.

Picha zake zapepea,
herufi zinaelea,
wenzio watangojea
miezi sita foleni."

Akasita: "Na hesabu?"
"Bi, usipate taabu,
kila kitu, taratibu,
kitarudi kituoni."

Onyo lilikuwa pale:
"Nakili vyako vya kale."
Nikasogeza tu mbele
kwa kidole, sikudhani.

Duara likazunguka,
adhana zikasikika
mbili, na bado yawaka
nembo tu, kimya usoni.

Ikafunguka, nyeupe;
sikupepesa ukope;
hata doa, hata tope
la deni, hamna ndani.

Nikatia waya, wapi!
Nikatafuta, ni ipi
njia? Hata moja kopi
haikubaki hewani.

Hakupiga hata yowe.
Kakaa juu ya jiwe.
"Lali," kanena, "na iwe
mtihani wa mjini.

Ajuaye adaiwa,
mlango u wazi, sawa;
asojua, keshapewa
sadaka ya Ramadhani."

Akaja Shekuwe kwanza,
mwashi, kazi hajaanza:
"Mia sita, nimetunza,
na ishirini. Shikeni."

Thureya akaja mbio,
fundo la leso, kilio:
"Sijui ni hizi, siyo,
zihesabuni mezani."

Mtoto wa kina Shali
kaleta shilingi mbili
za peremende, kamili,
zimelowa kiganjani.

Yule mwenye nyumba mbili
kapita siku ya pili
kwa kichochoro cha mbali,
uso kautupa chini.

Kitabu kikarejea,
rafuni kikaenea;
mende watakitembea,
hakibadiliki ndani.

Sisemi kipya kibaya;
jaribu yako, si haya,
ila ya mtu, ni waya
wa umeme mikononi.

Waliolisuka mbali
hawajui hii hali:
kosa kwao ni dalili,
kwetu ni njaa jikoni.

Sasa neno la kumeza:
deni sikulimaliza,
elfu mbili za kujaza
kibaba changu nyumbani.

Ajuaye ni Jalali
na fundi mwenyewe, Lali;
mashine haina swali
kwa kilichofutwa ndani.

Nimepita mara nane
kwake, ili tuonane;
"Keti," hunena, "tunene,"
naagia barazani.

Leo noti nimekunja
mbili, mpya, sijavunja;
sina tena la ujanja.
Hodi, Bi! Upo dukani?